Kiti cha Dirishani

Treni ya Kigoma ikijiandaa kuondoka Dar es Salaam, Masumbuko alimkuta Kapufi, tajiri wa malori, amekalia kiti chake cha dirishani.

"Hicho changu, mzee. Tiketi hii hapa."

"Kasimame nayo huko!"

Masumbuko akatabasamu. "Basi asante. Umeniokoa."

"Nimekuokoaje?"

"Nimetorosha binti wa watu bila mahari. Kaka zake wananingoja Saranda na marungu. Sura yangu hawaijui, wameambiwa namba ya kiti tu. Wakija dirishani, waambie kwa upole kwamba siye wewe."

Kabla ya Morogoro, Kapufi alikuwa amehamia kiti cha nyuma.

Saranda walikuja wauza kuku tu. Masumbuko akanyoosha mkono dirishani, akachagua paja nono.

"Mashemeji zako wako wapi?" Kapufi akafoka.

"Nitawajuaje, mzee, na mchumba mwenyewe bado namtafuta?"