Kitambaa Juu ya Kompyuta

Isome hii hadi mwisho, kisha mtumie mama yako. Kama hana simu, mpigie jirani amsomee.

Bi Nakijwa alikuwa hodari wa kufuma vitambaa. Redio ilikuwa na chake, friji chake, hata mtungi wa gesi ulivaa vizuri kuliko baadhi ya wageni. Kitu alichokipenda hakikukaa uchi nyumbani kwake.

Binti yake wa pekee, Eliwaza, alisomea uuguzi akakaa muda mrefu bila kazi. Hatimaye hospitali moja ya mbali, huko kusini, ikamwita kwenye usaili kwa njia ya video. Bi Nakijwa alimshukuru Mungu kwa sauti, lakini moyoni alikuwa na hofu. Mumewe alishafariki. Huyu naye akiondoka, atabaki na nani?

Asubuhi ya usaili Eliwaza aliwasha kompyuta mpakato yake, akaiweka kwenye chaji juu ya kochi, akaenda kuoga. Aliporudi, aliikuta imefunikwa kitambaa. Akakitupa pembeni, maana nyumbani mle hilo lilikuwa jambo la kila siku. Kioo kilikuwa cheusi. Akabonyeza kitufe, ikawaka kidogo, ikazima. Akabonyeza tena, ikazima tena.

"Mama, umeichezea?"

"Sijabonyeza chochote, mwanangu."

"Si useme tu kwamba hutaki niende!"

Maneno yale yalimchoma. Kweli hakutaka aende. Lakini kumharibia? Machozi yakamlengalenga.

Eliwaza akampigia fundi Mshana.

"Hebu iguse chini, dada," fundi alisema.

"Mh! Ya moto kama pasi!"

"Basi haijafa. Imekosa hewa, ikajizima yenyewe isiungue. Mliifunika?"

Wote wawili wakakitazama kile kitambaa cheupe sakafuni.

"Ni mimi," Bi Nakijwa akasema polepole. "Nilihofia vumbi. Nilitaka wakuone vizuri."

"Nisamehe, mama."

"Hayo baadaye. Muda unakwenda!"

Akakimbilia jikoni, akarudi na kipepeo cha kuchochea mkaa, akaanza kuipepea kompyuta. Ilipopoa, Eliwaza akaiweka mezani, akabonyeza. Ikawaka, na safari hii haikuzima.

Usaili ulikuwa mrefu. Eliwaza alijibu maswali mbele ya kioo, na mama yake, kaketi chini asikoonekana, akaendelea kupepea. Mkono wa kulia ulipochoka, akahamia wa kushoto. Alijua vizuri kwamba anaipepea safari ya mwanawe. Alilia kimyakimya, wala hakuacha.

Kazi ikapatikana. Siku ya kuondoka, Eliwaza alikiomba kitambaa kile.

"Ukafunike nini tena?" mama akauliza, akiwa ameshakoma.

"Mto wangu, mama. Nikilala nikukumbuke."

Wakacheka huku wanalia.

Funzo: Umpendaye mkinge na vumbi, lakini mwachie hewa ya kupumua, na siku yake ya kuondoka ikifika, ukiumia umia, ila mpepee aende.