Kwa Nini Ale Huwabeba Wenzake Mgongoni

Sogeeni karibu, ninyi mnaojifunza Kifaransa na kuumwa kichwa kila mkifungua daftari. Aliye na njugu azigawe kwanza, maana njia ya hadithi hii hupita kwenye ukungu, na kwenye ukungu hakuna anayekimbia.

Zamani hizo, ukungu ulipokuwa bado haujaamua uwe mto au uwe anga, vitenzi vya Kifaransa walikuwa watu. Walikuwa na vitambi, na wakwe, na majirani wasiorudisha sufuria. Manje alikula. Dormi alilala. Shante aliimba, hata alipoombwa kwa heshima asiimbe. Na Geri, mzee mnene mwenye viganja vya baridi, alikuwa ndiye kupona kwenyewe: akilazwa kando ya mgonjwa, mgonjwa huamka mzima.

Kati yao aliishi Ale, ambaye kazi yake ilikuwa kwenda. Basi, hiyo tu. Alikwenda, akarudi, akaenda tena.

"We Ale!" Manje alimwita kutoka barazani, mdomo umejaa. "Unaenda kufanya nini?"

Ale alisimama, akajikuna kichwa, akasema, "Kwenda." Barazani walicheka hadi Manje akapaliwa, jambo ambalo kwake lilikuwa la kila siku. Ale naye alicheka. Lakini akiwa peke yake ndani ya weupe wa ukungu, swali lile lilimsumbua kama kokoto ndani ya kiatu. Mwenzenu alitamani, walau mara moja, aende kufanya kitu.

Siku hizo njia ya kufika Kesho ilikuwa moja, mkokoteni wa ng'ombe. Kitenzi aliyetaka kusafiri alipita kwanza kwa washonaji, ashonewe mkia wa wakati ujao. Mkia wa mimi haukufanana na wa wewe, wala wa sisi na wa wao, na washonaji wale walipenda soga kuliko sindano. Mkia ukishashonwa, ng'ombe waliuzunguka mlima mzima wakicheua. Kijana akisema ataoa, harusi ilimfikia hana jino la kutafunia nyama yake.

Asubuhi moja akatokea mama mmoja, Serafini, kutoka ng'ambo ya ukungu. Mkononi alikuwa na kitambaa kilicholowa maji. Binti yake Leoni alikuwa na homa siku ya nne, na tangu jana hakumtambua mama yake.

"Jamani, mwanangu atapona?"

"Atapona, mama, ondoa shaka," akasema mshonaji mkuu. "Mkia wa Geri tunaanza kuushona wiki ijayo."

"Wiki ijayo?"

"Hiyo ni kwa kuwa tumekuonea huruma."

Serafini hakulia. Alikunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akamwona Ale akipita.

"Baba, unaenda upande wetu?"

"Naenda, mama."

"Unaenda kufanya nini?"

Lilikuwa swali lilelile, ila safari hii hapakuwa na aliyecheka. Ale aligeuka, akaingia nyumbani kwa Geri.

Mzee alikuwa amelala fofofo, anakoroma kama chungu cha maharage. Kumwamsha kungekuwa kosa, maana angedai mkia wake. Lakini nchi ile ilikuwa na desturi moja: mtoto akilala ugenini, hubebwa hivyo hivyo alivyo, havalishwi, havuliwi, haamshwi. Ale akamfunga Geri ndani ya blanketi, akambeba mgongoni kama mtoto, mtoto wa kilo mia, na magoti yakamwambia mengi yasiyofaa kusimuliwa hapa.

Ukunguni kulikuwa na malango sita, moja kwa kila nyumba ya nafsi, na kila bawabu humpitisha tu aliyevaa vazi la nyumba yake. Kumbe miaka yote ile ya kwenda bure, kila nyumba ilikuwa imempa Ale vazi! Kwa Mimi alivaa ve. Kwa Wewe alivaa va, na kwa Yeye va nyingine ya kitambaa kilekile. Kwa Sisi na kwa Ninyi walimjua tangu utotoni, wakamwachia mavazi ya ukoo wake, alon na ale. Kwa Wao alivaa von, pana kama hema.

"Na huyo mgongoni?" bawabu wa mwisho aliuliza. "Mbona yuko na nguo za kulalia?"

"Amelala, ndugu yangu. Nimevaa kwa niaba yetu wawili."

Bawabu alisikiliza mkoromo, akafungua lango taratibu, bila kulipigisha kelele.

Ale alimlaza Geri kando ya Leoni. Kiganja cha baridi kikaangukia paji la uso wa mtoto.

"Anaenda kupona," Ale akasema, na akashangaa, maana lilikuwa jibu.

Ukungu uliingia dirishani, ukakaa, ukatoka. Leoni akafumbua macho.

"Mama," akasema, "ninaenda kula."

Serafini akamtazama Ale. Ale akatazama magoti yake, akamkumbuka Manje na kitambi chake, akaguna. Kisha akatoka kwenda kumbeba Manje.

Tokea asubuhi ile, mkokoteni umebaki na mambo ya mbali. Yaliyo karibu hubebwa na Ale: yeye hubadili mavazi langoni, na wa mgongoni hufika kama alivyotoka kitandani, bila mkia. Kwa hiyo ukimsikia Mfaransa akisema "Je vais manger", yaani "zhe ve manje", ninaenda kula, naye amekaa kitini, usimuulize mbona hanyanyuki. Ale ameshatoka. Yuko ukunguni, amejitwika mzigo wake, na ukimuuliza anaenda kufanya nini, atakujibu bila kusimama.