Jina Moja Juu ya Jalada

Sogeeni. Leo nina kesi, na hakimu sina.

Huko Uingereza, enzi za magari ya farasi, palikuwa na mchungaji mjane aitwaye Crale, mwenye mabinti watatu. Hester, mkubwa, alikuwa na kipawa cha kutunga: umwonyeshe mlango uliofungwa, atakupa watu waliomo ndani. Maud, wa katikati, alikuwa na kumbukumbu. Alichokisikia mara moja hakikumtoka. Ivy, mdogo, alijua kumaliza mambo, yawe mashono au magomvi.

Familia hiyo haikuwahi kutulia. Mchungaji aligombana na waumini kila alikopelekwa, na katika miaka kumi na miwili walihama mara tisa. Asubuhi ya kuhama alikuwa na desturi yake: karatasi zote za nyumbani zilichomwa uani, ili nyumba mpya, alisema, isianze na maneno ya zamani. Hata barua za mama yao ziliondoka hivyo.

Hester alitunga riwaya. Kwa miaka miwili aliandika habari za binti wa mchungaji mmoja, na kila Jumatatu, wadogo zake wakifua, aliwasomea alipofikia. Ilibaki sura moja walipohama mara ya tisa. Baba hakuuliza zile karatasi ni za nini. Hester alizitazama zikiungua, akasema hataandika tena hata neno, na hakuandika.

Maud aliikumbuka. Katika nyumba mpya, siku moja wakikunja shuka, alianza kuisema toka neno la kwanza, Ivy akakimbilia kalamu. Ilichukua wiki saba. Hester alisikiliza akiwa amewapa mgongo, na mara moja tu aligeuka: pale binti wa kitabuni alipompigia baba yake magoti kumwomba msamaha, Maud alipapita bila kupasema.

"Umeruka," Hester alisema.

"Hapo nimesahau, dada," akajibu Maud, ambaye hakuwahi kusahau kitu.

Hester akacheka, mara ya kwanza tangu wahame.

Ivy aliimaliza. Sura ya mwisho aliitunga yeye: binti anaufunga mlango wa baba yake kwa nje na kwenda zake. Kisha akaipeleka mwenyewe London, kwa mchapishaji, ambaye baadaye alikiri kwamba alishaamua kuikataa mpaka alipoifikia sura hiyo. Barua yake ilikuja na sharti: jalada litabeba jina moja, la mtu mmoja aliye hai. Jina lisipofika kabla ya Ijumaa, anaurudisha mswada.

Baba aliisoma barua mezani, wakati wa chai. Akasema jambo lenyewe ni jepesi: kilichozaliwa katika nyumba yake kitaitwa kwa jina lake. Akanyoosha mkono achukue kalamu.

Maud, ambaye nyumbani humo walizoea kusema hana chake ila vya wenzake, aliifikia kwanza.

"Wewe ulikichoma, Baba."

"Nilichoma karatasi."

"Basi saini majivu yake. Kitabu kilikuwa kichwani mwangu, na humo hujawahi kumhamisha mtu."

Mchungaji alisimama, akangoja aombwe radhi kama siku zote. Hakuna aliyeomba. Akatoka.

Ndipo ubishi ulipoanza. Hester alisema watu wale wote walitoka kwake. Bila yeye Maud angekumbuka nini? Ivy alisema bila yeye kingekuwa kitabu kisicho na mwisho, na mchapishaji alinunua mwisho. Maud hakujitetea. Alijua bila yeye pangekuwa na majivu tu. Alijua pia kwamba binti yule asingeweza kuufunga mlango ule kama angekuwa amepiga magoti.

"Andika wewe," Hester akamwambia. "Lakini usiandike jina la mtu kwa kumhurumia. Mimi, nikihurumiwa, nitalifuta."

Maud akachovya kalamu kwenye wino.

Jina la baba limeshakataliwa, msinirudishie. Yamebaki matatu, na jalada linabeba moja. Ninyi mnaonisikiliza, mkubwa kwa mdogo: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani, na wale wawili ungewaambia nini?