Chungu cha Shuwari

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi imeamka na manyunyu mepesi, na ukungu umelala juu ya michungwa hata nyumba ya jirani inaonekana kama inaelea.

Mmeketi hapa mkisubiri mvua ikatike, na mmemsikia shangazi yenu akimwambia Mwanakheri, aliyekuwa akimchagulia mama mkwe wake kanga kwa rangi anazozipenda yeye Mwanakheri: "Chungu cha paka hakionjwi na mpishi." Mmecheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hapa hapa Muheza, na ilianza hivi.

Palikuwa na mjane aliyeitwa Bi Mwanahawa, mpishi wa shughuli. Iwe harusi, maulidi au hitima, chungu chake kilipofunuliwa watu walinyamaza. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Zuwena. Zuwena alipoolewa akaenda kukaa Handeni, alimwachia mama yake paka wake wa kijivu, jina lake Shuwari.

"Mama, huyu ni amana," alimwambia. "Nikipata nyumba yenye uwanja nitakuja kumchukua."

Kwa Bi Mwanahawa, amana haikuwa neno la kupita. Aliamini kwamba Mungu atamuuliza. Mpaka siku hizo Shuwari alikula kama paka wengine wa mtaani: vichwa vya samaki, makombo ya ugali, na panya akibahatika. Bi Mwanahawa akaona haya. Amana hailishwi makombo. Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, akateleka chungu kidogo cha udongo, cha paka peke yake.

Sasa, desturi yetu mnaijua. Mpishi hampi mtu chakula kabla hajakionja mbele yake. Tunasema anatoa uchawi, yaani anamwonyesha mlaji kwamba chakula hakina dhara. Bi Mwanahawa akaketi mbele ya Shuwari, akadondosha mchuzi kiganjani, akaonja. Samaki wa maji matupu alikuwa kama karatasi ulimini mwake. Akamwonea huruma paka. Akatia kitunguu, akaonja. Akaponda kitunguu saumu, akatia chumvi, akamalizia kwa tui zito. Akaonja tena, akafumba macho, akasema, "Bismillahi. Karibu, mgeni wangu."

Shuwari alikula, maana tui lilimvuta. Mvuke ulipanda taratibu hadi kwenye makuti ya paa, na mama na paka wakaketi ndani yake kama watu walio katika wingu moja.

Siku zikapita. Paka akawa analala sana, juu ya mkeka, juu ya gunia la nazi, popote jua lilipogusa. Bi Mwanahawa akadhani ni shibe. Kisha Shuwari akaanza kula kidogo, na baadaye kunusa tu. Bi Mwanahawa akadhani chakula hakijakolea. Akaongeza kitunguu.

Asubuhi moja usingizi ulimchukua akiwa bado anavuta uradi. Akamwona Shuwari akitembea juu ya nyasi zenye umande, wala umande haukutikisika. Alipozinduka, paka alikuwa pajani pake, mwepesi kama kanga iliyokauka, na fizi zake zimepauka kabisa. Akamfunika kwa upande wa kanga, akaenda kwa bwana mifugo, Mzee Semkiwa, aliyekuwa akichanja mbuzi.

"Bi Mwanahawa, leo umeniletea pilau?"

"Nimekuletea amana, Mzee Semkiwa. Inanifia mkononi."

Semkiwa akazitazama fizi, akaacha utani. "Anakula nini?"

Bi Mwanahawa akamtajia vyote, bila kuficha hata tui.

"Mama, umempikia paka au bwana harusi?"

"Usinicheke. Kila siku naonja kwanza mbele yake. Kama kungekuwa na sumu, ningeanza kufa mimi."

"Hapo ndipo ulipopotea," Semkiwa alisema kwa upole. "Kitunguu kwako ni kiungo. Kwa paka kinaharibu damu, na kitunguu saumu vilevile. Ulimi wako umetoa ushahidi wa kweli, lakini ni ushahidi juu yako wewe, si juu ya paka."

"Atapona?"

"Sijui. Acha viungo vyote leo hii. Mchemshie samaki au kuku kwa maji matupu, toa kila mwiba na kila mfupa. Ini kidogo, mara mojamoja. Mpe kidogo kidogo, mpaka tumbo likubali. Mengine mwombe aliyeiumba damu."

Siku hiyo chungu kilipochemka, mkono wa Bi Mwanahawa ulikwenda wenyewe kwenye mwiko. Akaurudisha. Kumpakulia mgeni chakula kisichoonjwa kulimuumiza kama kumpokea bila salamu. Akaweka kisahani chini, akainua viganja akaomba, na badala ya kuonja akatazama: masikio, sharubu, pua ndogo iliyokuwa ikitetemeka. Shuwari akageuza kichwa. Akakirudisha. Akalamba kipande kimoja, akalala tena.

Kipande kimoja kikawa viwili. Fizi zikarudisha rangi polepole, kama alfajiri inavyorudi.

Zuwena alipokuja kumchukua paka wake, majirani walijaa uani. Akafunua chungu kidogo, akaonja.

"Mama, mbona hakina hata chumvi?"

"Mpishi wetu amezeeka, mwanangu," jirani mmoja akatania. "Harusi zetu zitatuharibikia."

Watu wakacheka. Bi Mwanahawa angeweza kucheka nao, na hakuna ambaye angejua. Lakini akasimulia yote, tangu kitunguu cha kwanza. Zuwena akampakata Shuwari, akamkagua, kisha akauliza taratibu, "Mama, nikisafiri nitamwacha kwa nani?"

Bi Mwanahawa akasimama.

"Mwache kwangu. Na nyinyi majirani, shuhudieni, na Mungu ndiye shahidi wa kwanza. Kuanzia leo, nikimtendea mtu au mnyama wema, nitamtazama yeye kwanza kabla ya kuusikiliza ulimi wangu. Chungu cha paka hakionjwi na mpishi."