Usukani Uliorudi Wenyewe

Hapo zamani, na msinicheke, maana zamani yenyewe ni ya mwaka ule mashine mpya ya gemu ilipofika Makambako, palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Tusajigwe. Watu walimwita Dada Tusa. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na kumi na mitano kati ya hiyo aliimaliza akishona sare za shule. Alipinda sketi, akatia zipu, akabandika mifuko ya mashati, na ndani ya kila kola akatarizi jina la mtoto wa mtu. Jina lake mwenyewe halikuwahi kuandikwa popote pa maana. Jambo hilo lilimuuma, ingawa hakumwambia mtu.

Kibaraza chake kilipakana na banda la gemu la Bi Sikitu, mama mwenye sauti ya kuita watu mpaka stendi. Siku mashine mpya ilipotolewa kwenye boksi, banda zima lilisimama kuitazama. Ilikuwa nyembamba, nyeupe, haina kelele hata kidogo. Kwenye kioo, magari yake ya mashindano yalionekana mpaka tope kwenye matairi. Bi Sikitu akachomeka usukani wake wa siku zote, ule wa kufungwa mezani wenye pedali mbili za chini, ambao watu walikuwa wakipanga foleni kuushika.

Mashine ikaukataa. Akachomoa, akachomeka tena, akaupulizia vumbi, akausemesha kwa upole. Wapi! Gari halikusogea hata shubiri.

"Ndiyo tabia ya mashine mpya," alisema mtu mmoja mrefu mwembamba aliyekuwa nyuma kabisa. "Inataka usukani wake mpya. Huu wa zamani haiujui."

Mtu huyo alikuwa Mwalongo, fundi redio, mtu wa maneno machache kiasi kwamba ukimsalimia unaweza kufika nyumbani kabla hajakuitikia. Akaukwapua usukani, akaenda nao kibandani kwake.

"Mashine inauliza swali," akamwambia Bi Sikitu, "na usukani haujui jibu. Nitaweka mkalimani katikati."

Mkalimani mwenyewe alikuwa kijisanduku sawa na kiberiti, alichokitengeneza kwa matumbo ya kibodi ya kompyuta iliyokufa. Cha kwanza kiliungua. Cha pili kilifanya kazi, gari likaenda kushoto na kulia, watu wakapiga makofi. Fundi mwingine angeishia hapo, akafunga skrubu, akaenda zake kula. Mwalongo akakunja uso.

"Umekufa mkononi," alisema. "Usukani usiorudi si usukani. Gari likiserereka, lazima mkono wa dereva uambiwe."

Akaurudisha kibandani siku kumi nyingine, akihangaika na mota iliyo ndani yake. Redio za watu zikarundikana, wateja wakamnunia. Alipoumaliza, barabara ikiwa mbovu usukani ulitetemeka, na ukiuzungusha kisha ukauachia, ulirudi wenyewe. Mimi mtu wa namna hii namvulia kofia, na kofia ninayo moja tu.

Lakini ngozi ya usukani ilikuwa imebambuka yote, ndipo akaitwa Dada Tusa kuishona upya. Alikata ngozi ya mkoba wake wa kanisani, akaizungushia kwa mshono mdogomdogo ambao hata kidole hakiusikii. Alipomaliza akaketi kujaribu kama inashikika. Akaweka mguu kwenye pedali, kwa mchezo tu. Gari likaondoka taratibu, likakolea mwendo, likaingia kona ya kwanza na kutoka bila kugusa ukingo.

"Hebu ngoja," sauti ikatoka pembeni. "Mguu huo haukanyagi. Unapima."

Aliyesema ni Mbilinyi, dereva wa zamani wa malori ya masafa. Miaka kumi na moja kabla ya siku hiyo, lori lilimlalia mteremkoni na mguu wake wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Wa kulia ulibaki mzima. Lori lina klachi, na klachi ni ya mguu wa kushoto, basi hakuna tajiri aliyempa tena ufunguo. Gari la kwenye gemu halina klachi, gia zake ni vitufe vya kwenye usukani. Ndiyo maana kila asubuhi Mbilinyi alikuja na mkongojo wake kwa Bi Sikitu, akaketi, akaendesha. Hakuna aliyemfikia.

Na banda lile lilikuwa na sheria moja, anayeshindwa anapisha kiti. Haijalishi ni nani wala amekuja saa ngapi.

Sasa duka moja la Njombe lilikuwa limetangaza mashindano. Zawadi ni usukani mpya, ule uliotengenezwa kwa ajili ya mashine mpya, wenye kibati cha kuchongwa jina la mwenyewe. Na mwenye jina kwenye kibati ndiye atakayeketi nyuma ya usukani huo Dodoma mwezi wa nane, kushindana na watu wa mikoa yote. Mabanda yaliruhusiwa kuleta timu ya watu watatu, mmoja akiwa dereva.

"Dereva ni mimi," alisema Mbilinyi, na nani angebisha? Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, alisema pia, "Huyu dada nitamfundisha, maana mguu kama ule ukiachwa ushone sketi tu nitalaumiwa."

Akamfundisha kila mchana alipotoka kwenye cherehani. "Mteremkoni usiikandamize breki, Dada Tusa. Shuka na gia ya pili. Breki iguse tu, kama unaibembeleza." Dada Tusa alishika kila kitu, isipokuwa kimoja. Anayeshonea cherehani ya miguu, akitaka kusimama ghafla, huinua mkono wa kulia na kulishika kwa kiganja lile gurudumu la pembeni. Miaka kumi na mitano mkono wake ulikuwa umesimamisha sindano hivyo. Basi akishtuka tu barabarani, mkono wa kulia unaachia usukani na kupapasa hewani kutafuta gurudumu ambalo halipo!

"Mkono!" Mbilinyi akifoka. "Mama, gari hili halishoni! Rudisha mkono!"

Banda zima likicheka mpaka machozi. Dada Tusa naye akicheka, lakini kesho yake anarudi.

Jambo jingine lilimsumbua. Breki ya usukani ule ilikuwa laini mno, inazama bila kumwambia mguu lolote. Siku moja Mbilinyi akakaa kitako, akachomoa kiatu cha mpira cha mkongojo wake, akakikata kwa kisu, akakishindilia nyuma ya pedali ya breki. "Jaribu." Breki ikawa inausukuma mguu, kama ya lori. Tangu hapo Mbilinyi alitembea na mkongojo mtupu kwenye sakafu ya saruji, akiteleza na kushika kuta, na ukimwuliza anasema mpira uliisha.

Ikabaki wiki moja. Bi Sikitu akawapanga wawili hao kujaribiwa, mizunguko mitano. Dada Tusa akamshinda mwalimu wake kwa sekunde moja.

Mbilinyi alitazama kioo, akatazama mikono yake. Kisha akashika meza, akainuka, akausogeza mkongojo.

"Nimepisha," alisema.

Dada Tusa hakuisahau sura ile. Alitaka kumwambia abaki, lakini alitaka pia kwenda, na la pili lilimzidi nguvu.

Njombe walifika Jumamosi asubuhi, Dada Tusa, Mbilinyi na Mwalongo, Bi Sikitu akiwasindikiza, ukumbi umejaa pomoni. Timu nyingine zilikuja na usukani mpya wa dukani wenye taa za bluu. Wao wakaweka mezani kitu chao cha ngozi ya mkoba, kijisanduku kikining'inia na waya. Watu wakachekacheka. Mbio zilipoanza, kicheko kikapungua. Dada Tusa alikuwa wa saba, akawa wa tano, akawa wa pili.

Mzunguko wa mwisho. Mbele yake limebaki gari moja tu, la jamaa wa palepale Njombe. Wakaja kwenye mteremko. Jamaa akakandamiza breki, magurudumu yakajifunga, gari likachepukia upande wa nje wa kona. Dada Tusa akashuka na gia ya pili, breki akiigusa tu, ule mpira wa mkongojo ukimwambia mguu wake basi, inatosha. Wakatoka sambamba. Ikabaki kona moja.

Hapo gari lake likaserereka nyuma. Akashtuka. Na hapo, ndugu zangu, mkono wa kulia ukaachia usukani, ukaenda kupapasa hewani!

Mbilinyi alifumba macho. Lakini mkono wa kushoto ulikuwa umeshika vile fundi cherehani anavyoongoza kitambaa, kwa ncha za vidole, bila kung'ang'ania. Usukani ukamponyoka vidoleni, ukazunguka wenyewe upande wa pili, kama ulivyofundishwa kwenye kibanda cha Mwalongo. Gari likanyooka. Dada Tusa akaudaka, akakanyaga, akavuka mstari mbele ya jamaa kwa urefu wa boneti. Papo hapo mota ikatoa moshi, ukawa mwisho wa usukani ule.

Ukumbi ulilipuka. Bi Sikitu alikumbatia watu asiowajua.

Msimamizi wa mashindano, dada mmoja mwenye miwani, akaja na boksi jipya na fomu moja. "Timu yenu ni watu watatu, lakini kibati ni kimoja. Dereva ndiye anayejaza. Jina moja tu, tafadhali, mchongaji anasubiri."

Dada Tusa akapokea kalamu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwomba aandike jina kwenye kitu kisichofuliwa. Alikuwa karibu kuandika, mara Mwalongo, yule asiyesema, akasema.

"Dada, samahani. Kona ile hukuipita wewe. Mkono wako uliachia. Aliyenyoosha gari ni usukani, na usukani niliufufua mimi, mota yake nimelala nayo siku kumi. Nipe huu mpya niufungue. Nijue unajibu nini mashine inapouliza, nifufue kila usukani uliotupwa kuanzia hapa mpaka Mbeya. Sikufichi, nikiufungua huenda usifungike tena. Lakini nikijua, hakuna banda litakalokwama kama lilivyokwama la Bi Sikitu."

"Fundi, usukani unarudi kwa anayejua kuuachia," alijibu Dada Tusa. "Dereva mwingine angeung'ang'ania, tungekuwa ukutani. Vidole hivi vimekuwa vyepesi kwa miaka kumi na mitano. Ngozi ni ya mkoba wangu, na mguu ni wangu. Nimeandika jina la kila mtoto mjini. Nami nataka langu liandikwe, sioni haya kusema."

Mbilinyi alikuwa ameegemea ukuta kwa sababu mkongojo ulimtelezesha. Alitabasamu kidogo.

"Mimi nitasema kweli yote, hata inayoniumiza. Kosa lile la mkono nilipigana nalo wiki tatu. Ningefaulu, leo tungeshindwa. Lakini mwanangu, ulifikaje kwenye kona ile? Nani alikushusha mteremko? Breki iliyokuambia inatosha imevaa kiatu changu. Na kiti kile kilikuwa changu, nikapisha bila kununa. Wewe una cherehani, Fundi ana redio. Mimi gari pekee duniani ninaloweza kuendesha ni hili lisilo na klachi. Nataka nikaendeshe Dodoma, mbele za watu, mara moja, kabla mikono haijachoka."

"Jamani, si mgawane?" Bi Sikitu akaingilia. "Ukae bandani kwangu, kila mtu na siku zake!"

"Uliofunguliwa haugawanyiki, mama," alisema Mwalongo.

"Na Dodoma anaketi mmoja," alisema Mbilinyi.

Bi Sikitu akavuta kiti, akaketi kungoja kama wengine.

Dada Tusa akainamia fomu. Alimwona Mwalongo, vidole vyake vyeusi kwa kulehemu. Akaiona ncha ya mkongojo, mti mtupu uliochakaa. Akauona mkono wake mwenyewe wa kulia, ule uliowashindisha kwa kukosea. Machozi yalimjaa, maana aliwapenda wote wawili, na jina lake alilipenda pia. Mkono wa kushoto ukashikilia karatasi kwa ncha za vidole. Mkono wa kulia ukashusha kalamu, ukagusa mstari, halafu ukashtuka, ukanyanyuka hewani.

Na mimi nimeuacha hapohapo juu. Mchongaji anasubiri, kibati ni kimoja. Yupo aliyeufufua usukani, yupo aliyefundisha njia na kupisha kiti, yupo aliyeuachia ukarudi. Haya, ninyi mnaonisikiliza, kalamu ingekuwa mikononi mwenu mngeandika la nani? Je, nani hasa aliustahili usukani ule mpya?