Kiambaza cha Fundi Shekuwe

Wamesimulia waliotutangulia, na yakini iko kwa Mola, kwamba palikuwa na seremala mcha Mungu aitwaye Fundi Shekuwe, ambaye hakugusa ubao bila Bismillahi ya kusikika hadi njiani. Yeye ndiye aliyeutengenezea msikiti wa mji wao kiambaza cha mbao, chenye nakshi za matundu, cha kutenga safu za wanawake. Wanaume walikitazama wakasema subhanallah. Ijumaa moja imamu akatangaza kwamba hata mimbari mpya ataijenga fundi huyo huyo, iwe tayari kabla ya Ramadhani. Umri wake wote Shekuwe hakutamani jingine.

Watu walipotawanyika alizunguka nyuma ya kiambaza kupima nafasi. Hakuwa amefika huko tangu siku ya kukisimamisha. Katika kila tundu, toka usawa wa goti hadi wa kichwa, zilining'inia nyuzi na vipande vya nguo, vya hariri, vya kaniki, vyeupe, vyeusi, mfano wa mti wa mizimu uliotundikwa matambara.

"Audhubillahi!" akamaka. "Nani kaleta ushirikina ndani ya nyumba ya Mungu?"

"Wewe."

Alikuwa Bi Mwanatumu, msusi wa mikeka, kachuchumaa pembeni akisugua tundu kwa majani ya msasa. "Pitisha mkono, mwanangu. Usiogope, sisi tumezoea."

Akapitisha. Kibanzi kikamzama kidoleni, akaruka; kumbe ni vibanzi hivyo vilivyonasa nguo za wanawake.

"Mama, mbona hamkusema?"

"Tulisema. Tukaambiwa tuzidishe unyenyekevu, tusiegemee."

Shekuwe akaketi kitako. Kosa alilijua. Msumeno wa meno makubwa huenda mbio, ila jino linapotokea upande wa pili hung'oa nyuzi za mbao. Dawa yake aliijua pia: msumeno mwembamba wa meno madogo, uliokazwa kwenye upinde wake hadi ulie kama uzi wa gambusi, na ubao chakavu ubanwe nyuma, uchanike huo badala ya ule mzuri. Lakini kazi hiyo ni ya polepole, na nyuma, alijiambia, si wapo wanawake tu?

Akamwendea imamu, kidole kinavuja damu. Imamu naye akashtuka, kisha akashusha sauti: "Kipige msasa kimyakimya. Usijifedheheshe, mimbari inakungoja."

"Maalim, Bismillahi niliisoma. Ubao wa nyuma sikuufunga. Na mimbari nayo ina nyuma."

Alasiri ile alisimama mbele ya safu akayasema yote, wanawake wakisikia. Kiambaza kikang'olewa. Ramadhani haimngoji mtu, kwa hiyo mimbari akapewa seremala mwingine, naye Shekuwe akafunga mwezi mzima akikata tundu moja moja, akisoma Bismillahi yake moyoni.

Kiambaza kipya kilipoletwa, Bi Mwanatumu alipitisha mtandio wa hariri kila tundu, kwenda na kurudi. Haukukwama.

"Na uso wake ni upi," imamu akauliza, "tuuelekeze kwa wanaume?"

Fundi akakizunguka, akakizunguka tena.

"Wallahi, Maalim, sijui."

Enyi waumini, wanaotusifu mara nyingi ni wale tuliowaweka mbele. Tuwaulize walio nyuma, na Mola atujaalie moyo wa kulistahimili jibu.