Kiti Chenye Nguo

Jumatano, tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, saa tisa na dakika kumi alasiri, nilikuwa jikoni kwangu. Yaliyotokea chumbani saa ile mnayajua, maana mlikuja. Mlichimba kaburi, mkalala msibani siku tatu, mkateka maji na kupika. Mungu awalipe. Leo ndiyo mara ya kwanza nasimama hapa mbele kanisani tangu tumzike mke wangu, na nitasema polepole. Nguvu hazijarudi zote. Mtoto akilia, mama yake asitoke naye nje. Aachwe alie.

Nimewaletea mfano. Nimeutunga mwenyewe, lakini tabia za viumbe waliomo sikuzitunga. Nilielezwa na mtoto wa dada yangu, aliyesomea mambo ya samaki.

Palikuwa na mwanafunzi mmoja wa chuo, alifuga kamba chumbani mwake bwenini. Si kamba ya kufungia mbuzi. Kamba wa majini, jamii ya uduvi, wekundu, mmoja hazidi urefu wa punje mbili za mchele. Mnacheka. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa kuna watu wanafuga vitu hivyo. Aliwaweka kwenye tangi la kioo juu ya meza ya kusomea, karibu na dirisha, akawatilia majani ya majini na mpira mwembamba wa kupulizia hewa. Maji ya bomba aliyaacha kwanza kwenye ndoo siku mbili, dawa ipungue nguvu, ndipo awatilie. Alianza na wanane. Miezi saba aliwahangaikia wazaane, wasizaane. Wenzake wa korido walipita mlangoni wakimwuliza uduvi unaiva lini, waje na ugali.

Mwezi wa nane, asubuhi, akamwona jike mmoja amebeba mayai chini ya tumbo, madogo kama ulezi. Kamba huyo hatagi mayai akayaacha. Huyabeba mwenyewe karibu mwezi mzima, akiyapepea kwa miguu yake, mpaka watoto watoke. Yule kijana alivuta kiti akakaa kumtazama hadi akachelewa kipindi.

Wiki hiyohiyo chuo kikampangia mafunzo kwa vitendo, wiki tano, wilaya ya mbali.

Sasa, chumbani humo alikuwamo mwenzake. Huyu hakupata nafasi bwenini, na yule mwenye kitanda akamwambia njoo, tutagawana godoro. Vyuoni wanaita kubebana. Mwaka mzima alibebwa, hakuulizwa chochote, na moyoni alitafuta namna ya kurudisha ule wema. Alipoombwa kuwatunza wale kamba alifurahi kabisa.

Mwenyeji wake akamwonyesha. "Chakula ni hiki. Chembe moja, kama kichwa cha pini, Jumatatu na Ijumaa. Basi."

"Mara mbili kwa wiki? Ndugu yangu, hata jela wanakula kila siku."

"Wanakula ukoga wa kwenye majani. Usiwahurumie."

"Na siku nyingine nifanye nini?"

"Siku nyingine vuta kiti hiki, kaa hapa dakika tano, uwatazame."

"Niwatazame tu?"

"Uwatazame tu. Ukiona wote wanapanda juu kwenye uso wa maji, usifanye kitu. Nipigie simu mara moja."

"Yaani nikae nikitazama uduvi. Watu wa korido hii watanipeleka kwa daktari wa vichaa."

"Wakupeleke. Lakini kaa."

Akaondoka na begi lake.

Huyu aliyebaki hakuwa mtu mbaya. Nataka tuelewane hapo. Alikuwa mtu aliyelelewa kama tulivyolelewa sisi. Kwetu mtu akikukuta unakula, unanawa tena naye. Humwulizi kama ameshiba. Jioni ya kwanza alikaa kitandani na chapati yake, akainua macho, akawaona wamejipanga kwenye kioo, vijicho vyeusi vimemwelekea. Chapati ikamkwama. Akasema peke yake, "Nitakulaje, nao wananitazama?" Akakata kipande kidogo akawatilia. Wakakizunguka wote. Moyo wake ukatulia, akala.

Kesho yake akawatilia wali. Keshokutwa, wa chumba cha jirani akaingia kuazima pasi, akamwona yule jike.

"Huyu si ana mimba?"

"Anayo."

"Na wewe unampa wali mkavu. Mjamzito apewe kiini cha yai."

Akaleta kiini cha yai. Mwingine akaleta unga wa dagaa. Ikawa ndiyo desturi ya korido ile, kila anayepita anauliza mama mjamzito amekula nini leo, na kila mmoja anatia kidogo. Kidogo tu. Hakuna hata mmoja aliyetia kingi.

Na kile kiti? Kile kiti siku ya tatu yule ndugu alifua, akatundika suruali kwenye egemeo. Siku ya nne zikaongezeka shati na taulo. Nguo hazikuondoka pale tena. Alilisha akiwa amesimama, akafunika tangi, akaenda zake kujisomea.

Wiki ya pili mwenye kamba akapiga simu. "Wanaendeleaje?"

"Wanakula vizuri sana."

"Nimekuuliza wanaendeleaje, wewe unanijibu wanakula."

"Sasa anayekula si mzima? Acha wasiwasi. Mama mjamzito anapendwa hapa kuliko hata wewe."

Mwenye kamba akacheka, akakata simu.

Chakula kisicholiwa huzama chini kikaoza, na kikioza kinamaliza hewa iliyomo majini. Maji yakaanza kuwa meupe, kama ya kuoshea mchele. Anayepita haoni. Angeona aliyekaa. Siku ya kumi na saba, akipita na ndoo ya kuoga, yule ndugu akatupa jicho, akaona kamba wote wamepanda juu, wameung'ang'ania ule mpira wa hewa, na yule mama mwenye mayai ndiye wa juu kabisa.

Akasema, "Masikini, wana njaa. Wamekuja kupokea."

Akawaongezea.

Ndugu zangu, wale walikuwa wanatafuta pumzi. Naye aliwapa wali.

Mwenyeji wake alirudi kabla ya wiki tano kwisha. Alifungua mlango, harufu ikampokea. Aliweka begi chini, akainama kwenye kioo kuwatazama. Wekundu wote walikuwa wamegeuka rangi ya waridi, kama uduvi uliopikwa. Wale wa korido waliokuja kumsalimia hawakufanya mzaha wowote siku hiyo.

Mwenzake akasema, "Sijui nimekosea wapi. Niliwapa kila kitu. Sikula siku hata moja bila kuwapa."

"Najua."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukushukuru."

"Najua, ndugu yangu. Nakuuliza jambo moja tu. Ulikaa?"

"Nikae wapi?"

"Hapo. Nilikuomba ukae dakika tano. Ulikaa hata mara moja?"

Yule ndugu akatazama kiti. Akasema kwa sauti ndogo, "Kiti kilikuwa na nguo zangu."

Mfano umeishia hapo. Wangapi hapa mnamlaumu yule aliyebebwa? Inueni mikono, msiogope. Basi ishusheni, maana huyo ni mimi.

Skolastika aliugua miezi minne. Mlimwona. Nyumba yangu haikupungukiwa na chakula hata siku moja katika miezi hiyo. Jumuiya ya chini ilileta kuku, ya juu ikaleta maziwa, akina mama wakapokezana kuleta uji wa ulezi, na kila mleta kitu alikuwa na haraka, alikuwa na shamba, alikuwa na mtoto amemwacha. Alisimama mlangoni, akasema "Mama, pole, kula upate nguvu," akaweka, akaondoka. Siwalaumu. Nilivipokea mimi mwenyewe kwa mikono miwili. Nilivipanga kwenye kiti cha mbao kilichokuwa kando ya kitanda chake, maana meza hatuna chumbani. Hotpoti juu ya hotpoti, chupa ya chai, mfuko wa machungwa.

Na mimi ndiye niliyezidi wote. Mimi mnayeniita mwalimu, ninayewafundisha watoto wenu sala. Siku nzima nilikuwa jikoni. Nilijua kupika supu, nilijua kuchemsha maji, nilijua kusaga dawa kwenye kijiko. Nilimtazama Skolastika kama yule ndugu alivyowatazama wale kamba, nikipita.

Jumatano ile, baada ya saa sita, akaniita. "Baba Fabiola, keti."

Nikasema, "Nakuja. Supu inaungua."

Baadaye akaniita tena. "Baba Fabiola, sitaki supu. Keti."

Nikadhani amechoka kula. Nikadhani nikiongeza chumvi kidogo atakubali. Alikuwa amejiinua kwenye mito, anapumua kwa juu, na mimi nikasema moyoni, afadhali, leo amekaa mwenyewe, leo atakula. Nikarudi jikoni kuchochea mkaa.

Supu iliiva vizuri. Niliangalia saa ya ukutani nikaona tisa na dakika kumi, nikamimina bakuli, nikaenda nayo chumbani. Akawa ameshakwenda. Mwili ulikuwa bado umeegemea ile mito. Nikasimama na bakuli langu, natafuta pa kuliweka ili nimshike mkono, na sikupata, kwa sababu kiti kilikuwa kimejaa.

Sasa sisi tufanye nini? Bwana wetu, usiku ule kabla ya mateso yake, hakuwaomba rafiki zake mkate. Mkate aliwapa yeye. Aliwaomba wakae karibu naye. Wakashindwa hilo moja, nao walikuwa watu wanaompenda.

Tuna wagonjwa katika kigango hiki. Yupo bibi mmoja, nyumba ya tatu baada ya mashine ya kusaga, hajainuka kitandani tangu mvua za kwanza. Mnamjua. Juzi nilimwuliza baba mmoja hapa hapa kwa nini hajakwenda kumwona, akanijibu, "Mwalimu, nitakwendaje mikono mitupu?" Jibu hilo ni la adabu, na sisi wote tumefundishwa hivyo. Lakini fikirini, ni wangapi wamekufa wakitusubiri tupate cha kubeba?

Nawaomba kitu kidogo, na ninajua kwenu kitakuwa kigumu kuliko mchango. Wiki hii nendeni mikono mitupu. Ukiingia, ondoa vilivyo kwenye kiti. Viweke chini, hata kama ni sufuria ya mwenyekiti wa jumuiya. Kaa. Usimwambie ale. Mtazame mpaka ujue anapumuaje. Akitaka kusema, atasema. Akinyamaza, nyamaza naye. Ukiona haya, kumbuka kwamba haya hiyo nami niliiona, nikakimbilia jikoni.

Nyumbani kwangu kile kiti bado kipo. Nimekiondolea kila kitu. Jioni nakaa pale kando ya kitanda kitupu, na sijui kama inamsaidia mtu.

Tusimame, wenye miguu mibovu wabaki wameketi.

Ee Mungu, mtumishi wako Skolastika alimwomba mumewe akae, naye hakukaa. Wewe huna jiko la kukimbilia wala shamba la kuwahi. Kaa naye. Mwondolee aliyokukosea, na kama yapo niliyomkosesha mimi, uniandikie mimi. Mpe pumzi aliyokuwa anaitafuta. Na marehemu wetu wote waliotuita tukachelewa, uwapokee walipo, wasituone wabaya sana. Amina.